Jaras, Juljul na Njuga: Uhakiki wa Karatasi Inayoharamisha Kila Kinacholia

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Imetufikia karatasi ya kurasa mbili iliyotolewa fotokopi, isiyo na jina la mwandishi wala la mchapishaji, ambayo imekuwa ikigawiwa baada ya sala ya Ijumaa katika baadhi ya misikiti. Ndani yake mna Hadithi tano zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na chini yake hukumu tatu: kwamba kengele ya chuo ni haramu, kwamba njuga za watoto ni haramu na kila mwenye uwezo ni wajibu wake kuzikata, na kwamba dufu lenye vibati ni haramu kulipiga na kulisikiliza. Lau karatasi ingebaki kuwa karatasi, tusingeishughulikia. Lakini tumeelezwa kuwa katika chuo kimoja mtoto wa kike wa miaka mitano alikatwa njuga za miguuni mbele ya wenzake, akarudishwa kwao, na mama yake mpaka sasa amekataa kumrudisha. Jambo likishafika kumtenga mtoto na Msahafu, haifai tena kulinyamazia.

Tuanze kwa kumtendea haki mwandishi. Hadithi mbili za mwanzo alizozitaja ni sahihi, zimo katika Sahihi ya Imam Muslim, zote kwa riwaya ya Abu Hurayra (R.A.). Moja inaeleza kuwa Malaika hawafuatani na kundi la wasafiri lenye mbwa au jaras, na nyengine inaeleza kuwa jaras ni katika mazumari ya shetani. Basi mwenye kudai kuwa hapana katazo lolote katika mlango huu amekwenda kinyume na Hadithi sahihi, na sisi hatuko pamoja naye. Ugomvi wetu na karatasi hii uko kwengine. Kwanza ni tarjuma yake. Pili ni yale iliyoyaacha. Tatu, na hili ndilo zito, ni kuruka kutoka kwenye katazo mpaka kwenye haramu bila ya kupita kwa Mafaqihi.

Mwandishi amelitafsiri neno jaras kuwa ni kengele, na hapo hapana ubaya. Kisha akaja kwenye naqus, lile lililotajwa katika kisa cha kuanza kwa adhana, akaliita kengele. Kisha akakuta jalajil katika Sunan ya Abu Dawud, akaziita kengele pia. Msomaji wa Kiswahili anatoka na fahamu kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kitu kimoja mara tano, ilhali Kiarabu kina maneno tofauti kwa vitu tofauti.

Asili ya herufi jim, ra na sin ni sauti ya chini, isiyopazwa. Waarabu hulitumia tendo hili kwa nyuki anapofyonza maua kwa mvumo wake mdogo, nalo limo katika kile kisa mashuhuri cha asali, pale baadhi ya wake wa Mtume (S.A.W.) walipopatana kumwambia kuwa huenda nyuki wa asali ile alikula mti wa urfut. Jaras basi limepata jina kwa sauti yake, na walilolijua zaidi Waarabu ni lile linalotundikwa shingoni mwa mnyama wa safari. Ama juljul, wingi wake jalajil, ni jaras dogo, mfano wa kitufe cha madini kilicho wazi ndani, chenye upenyo, na ndani yake mna kijiwe kinachogongagonga kila kinapotikiswa. Neno lenyewe linaiga mtikisiko, na mwanafunzi atakumbuka Hadithi ya yule mtu aliyekuwa akiburura nguo yake kwa kiburi akadidimizwa, kuwa anatajaljalu ndani ya ardhi mpaka Siku ya Kiyama. Msomaji wa Pwani akisikia sifa hizi za juljul hahitaji kamusi. Hiyo ndiyo njuga.

Salsala si chombo. Ni mlio wa chuma juu ya chuma, na udongo alioumbiwa Adam (A.S.) umeitwa salsal kwa kuwa ukikauka hulia unapogongwa. Na naqus, katika asili yake, si kengele hata kidogo. Ni ubao mrefu unaopigwa kwa ubao mfupi, ambao Wakristo wa nchi za Mashariki wakiitana nao kwa ibada. Baadaye jina lilihamia kwenye kengele za makanisa, na mwenye kusoma Kiarabu cha magazeti hukutana na maana hiyo tu. Lakini haifai kuichukua maana ya leo na kuivika Hadithi.

Sasa tuyatazame yaliyoachwa. Katika Hadithi ya mwanzo kabisa ya mlango wa Wahyi kwa mpangilio wa Imam Bukhari, baada ya ile ya nia, al-Harith bin Hisham (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) jinsi Wahyi unavyomjia. Akamjibu kuwa wakati mwengine humjia mfano wa salsala ya jaras, na hiyo ndiyo iliyo nzito zaidi kwake. Hapa pana swali ambalo kila mwanafunzi mwenye akili huliuliza: vipi jambo tukufu kuliko yote lifananishwe na kitu kilichoitwa zumari la shetani? Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 H) amelijibu katika Fat-hul Bari. Kwanza, kufananisha hakulazimishi vitu viwili viwe sawa katika kila sifa. Kisha akasema sauti ya jaras ina pande mbili, upande wa nguvu na upande wa mlio wenye kutumbuiza. Mfano wa Wahyi umechukuliwa upande wa nguvu, na kukimbizwa watu na jaras kumetokana na upande wa kutumbuiza.

Tunawaomba Maimamu wasiipite hoja hii haraka. Ibn Hajar hakusema kuwa chuma kikilia basi ni shetani. Ameugawa mlio mmoja, kitu ambacho hakionekani wala hakishikiki, akaweka kila upande mahala pake. Mwenye karatasi ameshindwa kugawa vitu vinavyoonekana kwa macho.

La pili lililoachwa ni juljul ya Ummu Salama (R.A.). Imo katika Sahihi ya Bukhari, Kitabu cha Mavazi, kwa riwaya ya Uthman bin Abdallah bin Mawhab. Anasimulia kuwa watu wake walimtuma kwa Ummu Salama na kikombe cha maji, kwa kuwa alikuwa na nywele katika nywele za Mtume (S.A.W.), na mtu akipatwa na jicho au jambo jengine humpelekea chombo chake. Msimulizi akachungulia ndani ya juljul akaona nywele nyekundu. Wenye nakala wamekhitalifiana hapa: wengine wamesoma kuwa ni ya fedha, wengine wamesoma neno jengine lililo karibu nalo kwa maandishi, lenye maana ya shungi la nywele. Al-Humaydi, aliyezikusanya Sahihi mbili pamoja, ameleta kwa uwazi kuwa ni juljul ya fedha. Na Ibn Hajar ameeleza kuwa juljul ni mfano wa jaras, na kwamba huenda kikatolewa kile kijiwe kinachotikisika ndani yake, ikawekwa humo kitu kinachohitaji kuhifadhiwa.

Natija yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kitu kile kile, kwa umbo lile lile, kimetolewa kijiwe kikawa kihifadhi cha nywele za Mtume (S.A.W.) katika nyumba ya Mama wa Waumini. Basi madini hayana kosa, wala umbo halina kosa. Maneno yamo kwenye sauti na makusudio yake.

Tumesema tutamtendea haki mwandishi, na hapa ndipo alipo na dalili yake yenye nguvu zaidi. Abu Dawud (aliyefariki 275 H) ameweka mlango juu ya jalajil, akaleta ndani yake riwaya mbili. Katika ya kwanza, mwanamke mmoja katika waliokuwa chini ya ukoo wa Zubayr alimpeleka binti yao kwa Umar (R.A.) akiwa na ajras miguuni, Umar akazikata na kueleza kuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema pamoja na kila jaras yuko shetani. Katika ya pili, Bunana anasimulia kuwa alikuwa kwa Bibi Aisha (R.A.), akaingizwa msichana mwenye jalajil zinazolia, Aisha akakataa asiingizwe mpaka zikatwe, akataja kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye jaras.

Angalia vizuri riwaya hii ya pili. Alizokuwa nazo msichana ni jalajil, na Hadithi ambayo Bibi Aisha aliitolea dalili ina neno jaras. Kwa hiyo Bibi Aisha, na yeye ndiye mwenye lugha, ameiingiza njuga chini ya jaras. Wale ndugu zetu wanaojibu karatasi hii kwa kusema kuwa njuga si jaras, kwa hivyo hazihusiki, hawana pa kusimama. Sisi hatuwaungi mkono.

Lakini mwandishi alikuwa na wajibu wa kueleza hali ya riwaya zenyewe, naye hakueleza. Al-Mundhiri (aliyefariki 656 H) amesema juu ya ile ya kwanza kuwa yule mwanamke hajulikani, na kuwa Amir bin Abdallah bin Zubayr, aliyeipokea, hakumdiriki Umar. Na Bunana naye hali yake haijulikani kwa wahakiki wa wapokezi. Hadithi ya namna hii hutajwa, huzingatiwa, na huunga mkono iliyo sahihi. Kuifanya peke yake kuwa ni fat-wa ya kumkata mtoto njuga hadharani na kumfukuza ni jambo jengine. Hata kwa mwenye kuichukua, Bibi Aisha alitaka ziondolewe ndipo msichana aingie. Alitaka aingie. Walimu wa chuo kile wamezikata, kisha wakamtoa.

Je, Mafaqihi wamesemaje? Imam Nawawi (aliyefariki 676 H), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ametaja sababu kadhaa za katazo: imesemwa kuwa ni kwa kufanana na naqus, au kwa kuwa ni katika vitundikwavyo vilivyokatazwa, na imesemwa ni kwa kuchukiza sauti yake, na kauli hii inaungwa mkono na lile neno la mazumari. Kisha akasema kuwa kuchukiza jaras kwa ujumla wake ndiyo madhehebu yetu na ya Malik na wengineo, na kwamba karaha hiyo ni karaha ya tanzih. Akaongeza kuwa kundi la maulamaa wa mwanzo wa Sham wamechukiza jaras kubwa pasi na dogo.

Karaha ya tanzih! Kila aliyesoma Safina anajua maana yake: mwenye kuacha ana thawabu na mwenye kufanya hana dhambi. Imam wa madhehebu anayofuatwa Pwani yetu yote, akiisherehesha Hadithi ile ile iliyonukuliwa katika karatasi, amesema makruhu. Kwa haki ipi inaandikwa haramu kwa herufi kubwa bila hata kutajwa kuwa yuko aliyesema vyengine?

Kwa Mahanafi mlango ni mpana zaidi. Muhammad bin al-Hasan (aliyefariki 189 H), mwanafunzi wa Abu Hanifa, amechukiza jaras kwa jeshi lililo katika nchi ya adui, kwani adui atausikia mlio na kuwajua walipo. Ama katika nchi ya Kiislamu, ikiwa mwenye mnyama ana manufaa nalo, hapana ubaya. Na katika al-Fatawa al-Hindiyya manufaa hayo yametajwa: aliyepotea katika msafara huufuata mlio akaupata, wanyama wakali wa usiku hukaa mbali, na mnyama wa kubeba huchangamka kama anavyochangamka kwa kuimbiwa. Mfugaji wa leo anayemfunga kengele ng'ombe wa mbele ili kundi lisipotee porini ana mtangulizi katika vitabu. Na wanafunzi wasioona, ambao mpira wao wa mchezo hutiwa njuga ndani ili waufuate kwa masikio, wako karibu zaidi na mlango huu wa manufaa kuliko mlango wa mazumari.

Kuhusu miguu ya wanawake, dalili ya nguvu iko katika Qur'ani, na ajabu ni kuwa karatasi haikuigusa. Aya ya 31 ya Suratun-Nur imewakataza wanawake waumini kuipiga miguu yao ili yajulikane mapambo waliyoyaficha. Ibn Kathir ameeleza kuwa zama za Jahiliya mwanamke akipita njiani na khalkhal isiyolia, yaani furungu au mtali kwa lugha yetu, hupiga mguu chini ili wanaume waisikie. Na Tabari amepokea, kwa msimulizi aitwaye Hadrami, habari ya mwanamke aliyevaa vikuku viwili vya fedha na ushanga wa mawe, akipita kwa watu hupiga mguu, fedha ikigongana na mawe ikatoa sauti. Katazo hapa limefungamana na kumsikilizisha mwanamme wa kando. Mwanamke mtu mzima anayetembea barabarani na njuga zinazolia ameingia ndani ya katazo hili hata asipopiga mguu, kwani njuga humpigia. Akizivaa nyumbani kwa mumewe, hilo katazo la Aya halipo, inabaki karaha tuliyoitaja. Na mtoto mdogo ambaye mama yake amemfunga njuga ili ajue yuko jikoni au amefika mlangoni, yeye si mwenye kukalifishwa, na mama yake ana haja inayoeleweka. Tunasema: ni bora asivae, na mama anasihiwe kwa upole. Zaidi ya hapo ni kuzidisha.

Dufu nalo. Mwandishi amesema kuwa vibati vya dufu ni ajras kwa hivyo ni haramu kwa itifaki. Neno itifaki limemponyoka. Katika al-Minhaj, Kitabu cha Shahada, Imam Nawawi amejuzisha dufu kwa harusi na khitani, na kwa mengineyo kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hata likiwa na jalajil. Ni neno lile lile, jalajil, limeandikwa katika kitabu kinachosomeshwa misikitini kwetu kizazi baada ya kizazi. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H) akafafanua katika Tuhfa kuwa hizo ama ni mfano wa pete zinazotiwa ndani kama dufu la Waarabu, au ni sahani pana za shaba zinazotiwa katika matundu ya ubavuni mwake kama dufu la Waajemi. Hizi za pili ndizo vibati vya matari yetu. Kweli, al-Adhra'i (aliyefariki 783 H) amepinga, akaona mtumbuizo wake unashinda hata ala zilizoafikiwa kuharamishwa. Basi khilafu ipo, na mwenye kujiepusha na matari yenye vibati ana mwanachuoni wa kumfuata. Lakini palipo na khilafu ndani ya madhehebu hapana itifaki. Na asitushike mtu kwa maneno haya akahalalisha mchanganyiko wa wanaume na wanawake unaofanywa kwa jina la harusi. Hapo hata kama dufu lingekuwa bubu haramu iko pale pale.

Wapo waliotuuliza milio ya simu. Izimwe kabla ya takbira, na yenye nyimbo ibadilishwe. Mlango huu haustahiki kurasa.

Tumebakiwa na jambo lililotushangaza kuliko yote. Karatasi imelivalia njuga suala la njuga (na lugha yetu yenyewe imeutoa msemo huo kwenye ngoma, hata makhatibu huutumia juu ya mimbari), lakini haina hata mstari mmoja juu ya njuga za uganga. Kila mtu wa Pwani na bara anajua kuwa njuga hufungwa miguuni katika ngoma za kupunga pepo, na kuwa wapo wanaomfunga mtoto njuga au ushanga kwa itikadi kuwa humkinga na jicho. Hapa hatuko tena kwenye makruhu. Na Hadithi ya mlango huu ipo, sahihi, katika Bukhari na Muslim: Abu Bashir al-Ansari (R.A.) alikuwa katika moja ya safari, Mtume (S.A.W.) akatuma mjumbe kuwa usiachwe shingoni mwa ngamia mkufu wa uzi wa upinde ila ukatwe. Imam Malik katika Muwatta akasema anaona kuwa hayo ni kwa ajili ya jicho, kwani watu wakiwavisha ngamia kwa itikadi hiyo. Na Imam Bukhari ameiweka Hadithi hii chini ya mlango alioupa jina la jaras na mfano wake shingoni mwa ngamia, ingawa katika matini aliyoileta jaras halikutajwa. Wanachuoni wamelizingatia hilo, na Ibn Hajar ameashiria riwaya nyengine ambayo ndani yake jaras limo.

Kwa fiqhi hii ya mlango, jaras na uzi vimekutana mahala pamoja: kitu kinachotundikwa ili kimkinge mwenye kutundikiwa. Ikiwa mwandishi alitaka kukata, hapa ndipo palipokuwa pa kukata. Njuga aliyofungwa mtoto na mganga hukatwa, na mzazi hufundishwa kwanza kwa nini inakatwa. Ile aliyofungwa na mama yake ili amsikie anapotambaa si hiyo, japo zote mbili zimenunuliwa duka moja. Mwalimu wa chuo hawezi kuzitenganisha kwa kuzitazama. Inampasa aulize.

Ama kengele ya chuo, haitundikwi shingoni, haitumbuizi, haiitii sala. Inatoa khabari ya wakati, na ipo katika mlango wa manufaa aliyoyataja Muhammad bin al-Hasan. Mwenye wara' na akapenda kupiga makofi au kutumia mlio mwengine, ni vizuri. Asiyefanya hivyo hakutenda haramu. Na yule mtoto wa miaka mitano tumewaomba walimu wake wamwendee mama yake nyumbani wao wenyewe, wazungumze naye, wamrudishe mtoto juzuu yake.

Wallahu aalam.